Königsberg: Manowari ya Kijerumani Iliyonaswa na Maji ya Rufiji

Na Mwandishi Wetu

Abiria anayepanda boti katika bandari ya Nyamisati, wilayani Kibiti, Mkoa wa Pwani, kuelekea kisiwani Mafia, huanza safari yake katikati ya mikoko kabla ya kuiona bahari ya wazi. Kusini mwa njia hiyo umeenea mtandao wa vijito, visiwa na milango ya bahari unaounda Delta ya Mto Rufiji, yenye msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000, mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Ndani ya delta hiyo, katika eneo la Salale, chini ya tope, yamelala mabaki ya manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, ambayo Uingereza iliisaka na kuizingira kwa karibu mwaka mzima, tangu Agosti 1914 hadi Julai 1915.

Kisa cha Königsberg husimuliwa mara nyingi kama pambano la mizinga baina ya mataifa mawili ya Ulaya. Simulizi hiyo ina ukweli wake, ila haitoshi. Anayefuatilia mfululizo wa matukio kwa utulivu ataona kwamba manowari hiyo ilikuwa imekwisha kushindwa miezi mingi kabla ya kuzama. Ilishindwa kwanza na ukosefu wa makaa ya mawe, kisha na kina cha maji katika milango ya Rufiji. Aidha, karibu katika kila hatua ya kisa hicho wapo watu wa ukanda wetu wa pwani waliobeba mizigo, waliopiga makasia na waliojua njia, ambao majina yao hayakuingizwa katika orodha za majeruhi wala za waliotunukiwa nishani.

Königsberg ilishushwa majini mjini Kiel, Ujerumani, mwezi Desemba 1905. Ulikuwa mwaka uleule ambao Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa Rufiji. Kwa hiyo wakati mafundi wa Kiel wakikamilisha kazi yao, wenyeji wa ukanda ambao meli hiyo ingekuja kufia walikuwa tayari vitani na serikali iliyoiagiza. Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya milimita 105, na mwendo wa noti 24 hivi, ambao ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Ilitia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 ikiongozwa na Kapteni Max Looff, na wakazi wa pwani wakaipa jina kutokana na dohani zake: manowari ya bomba tatu.

Manowari ya aina hii haikukusudiwa kupambana na meli kubwa za vita. Kazi yake ilikuwa kuvizia meli za biashara za adui, kuzikamata au kuzizamisha, na kutoweka kabla ya kufuatwa. Hofu inayotokana na mwindaji mmoja asiyeonekana huweza kuchelewesha misafara mizima na kuwalazimu maadui kugawa nguvu zao kulinda kila njia ya bahari. Hata hivyo, kazi hiyo ina sharti moja lisilokwepeka. Manowari za zama zile ziliendeshwa kwa mvuke uliotokana na makaa ya mawe, na meli yenye kasi kubwa hula makaa mengi mno. Mwindaji asiye na bandari ya kujazia makaa ana siku za kuhesabika.

Tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani rasmi, Kapteni Looff aliondoka Dar es Salaam. Nje ya bandari alizikuta manowari tatu za Uingereza, Hyacinth, Astraea na Pegasus, zikimnyemelea. Kwa msaada wa mvua ya ghafla na kasi ya meli yake aliziacha nyuma. Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Oman, aliikamata meli ya shehena ya Uingereza City of Winchester, iliyokuwa ikitoka Asia na shehena ya chai. Makaa yake yalihamishiwa Königsberg, na meli yenyewe ikazamishwa. Inafaa msomaji aikumbuke meli hiyo, kwa sababu ndiyo meli pekee ya biashara ambayo Königsberg iliikamata katika vita vyote.

Baada ya hapo tatizo la makaa lilianza kuuma. Waingereza walikuwa wamenunua akiba ya makaa katika bandari za Msumbiji, iliyokuwa koloni la Ureno, ili yasimfikie Mjerumani. Meli ya Kijerumani Somali ilifanikiwa kuipatia Königsberg tani mia kadhaa karibu na Ras Hafun, katika pembe ya Somalia. Kapteni Looff akaelekea Majunga, Madagascar, akitarajia kukuta meli za Ufaransa bandarini, lakini hakukuta kitu. Nyumbani nako mlango ulikuwa umefungwa. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea iliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga, na Wajerumani, kwa kuhofia kuvamiwa kutoka baharini, walizamisha chelezo chao cha kuelea katika mlango wa bandari. Kwa kufanya hivyo waliifungia nje manowari yao wenyewe.

Ndipo Rufiji ilipoingia katika hesabu. Kabla ya vita, meli ya upimaji ya Kijerumani Möwe ilikuwa imechora ramani za milango ya delta na kupima kina chake. Ramani za Waingereza hazikuwa na taarifa hizo, na makamanda wao waliamini kwamba meli inayozama zaidi ya mita tano majini haiwezi kuvuka mafungu ya mchanga yaliyo mbele ya mto huo. Tarehe 3 Septemba, maji yalipojaa, Königsberg iliingia deltani na kutia nanga Salale. Makaa yaliletwa kutoka Dar es Salaam kwa vyombo vidogo vilivyopita kandokando ya pwani.

Pigo lake kubwa lilifuata wiki mbili baadaye. Kapteni Looff alipata habari kwamba manowari ya Uingereza imetia nanga Zanzibar. Ilikuwa Pegasus, meli kuukuu iliyosimama kwa ajili ya kukarabati mitambo yake. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilitokea mbele ya Mji Mkongwe na kuanza kuishambulia. Mizinga ya Pegasus haikuweza kuufikia umbali ambao Mjerumani alichagua kupigania, na katika muda mfupi meli hiyo ilikuwa gofu. Watu 38 walipoteza maisha na wengine 55 walijeruhiwa. Baadhi ya mabaharia hao wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Zanzibar, na makaburi yao yapo hadi leo.

Kapteni Looff alikusudia baada ya ushindi huo kuanza safari ndefu ya kurejea Ujerumani. Lakini mtambo mmojawapo wa meli uliharibika, na hapakuwa na karakana nyingine ya kuutengeneza isipokuwa ya Dar es Salaam. Königsberg ilirudi Rufiji. Vipande vizito vya mtambo vilifunguliwa, vikakokotwa na wapagazi wa Kiafrika kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa kwa njia ileile. Msomaji anayeijua njia ya Kibiti kuelekea Dar es Salaam wakati wa masika, kabla ya barabara ya lami, anaweza kukisia ugumu wa kazi hiyo iliyofanywa kwa kamba na mabega. Wakati mtambo ukisafiri, adui alikuwa akikaribia.

Baada ya aibu ya Zanzibar, Uingereza ilileta manowari tatu za kisasa zaidi, Chatham, Dartmouth na Weymouth. Msako uliongozwa na Kapteni Sidney Drury-Lowe wa Chatham. Kwa majuma kadhaa walichungulia kila ghuba ya pwani bila mafanikio. Ufunguo ulipatikana Lindi, tarehe 19 Oktoba, katika meli ya Kijerumani President. Miongoni mwa nyaraka zake zilionekana taarifa za makaa yaliyopelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba 1914, kutoka juu ya mlingoti wa Chatham, walinzi waliona milingoti mingine ikichomoza juu ya vilele vya mikoko. Mwindaji alikuwa amepatikana.

Kumpata ni jambo moja, kumfikia ni jambo jingine, na hapa panahitaji maelezo. Mkazi yeyote wa delta anajua kwamba mlango wa mto si mlango mmoja, bali ni mingi: Kikunja, Simba Uranga, Suninga, Kiomboni na mingineyo. Kina cha kila mlango hubadilika mara mbili kwa siku maji yanapojaa na kupwa, na hubadilika tena kwa kufuata mwezi. Wakati wa bamvua, maji hupanda sana na kupwa sana, na chombo kikubwa huweza kuvuka fungu kwa muda mfupi tu. Manowari za Uingereza zilizama majini mno kwa njia hizo, hivyo hazikuthubutu kuingia, na mizinga yao kutoka baharini haikumfikia Mjerumani aliyekuwa akizidi kusogea juu mtoni. Kwa upande wake, Königsberg haikuweza kutoka isipokuwa kwa maji makubwa, na kila maji makubwa yalipofika, Waingereza walikuwa wakisubiri nje. Pande zote mbili zilifungwa na kalenda moja, ile ambayo mvuvi wa Salale huihesabu kwa vidole.

Waingereza walijaribu kuuziba mlango. Tarehe 10 Novemba 1914 waliipeleka meli kuukuu ya makaa, Newbridge, ndani ya mlango wa Suninga na kuizamisha humo huku wakipigwa risasi kutoka ukingoni, ambako Wajerumani walikuwa wamechimba mahandaki na kuweka bunduki za rashasha. Milango mingine ilibaki. Hata hivyo, katika siku hizohizo meli ya Somali, iliyobeba makaa ya Königsberg, ilipigwa kwa mizinga ikateketea. Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio wakati ambao hatima ya Königsberg iliamuliwa. Manowari isiyo na makaa ya kuifikisha bahari kuu, hata ikiwa na mizinga yake yote na mtambo uliotengenezwa upya, imekwisha kuwa ngome iliyokwama topeni.

Kilichosalia kilikuwa kuiona vizuri ili kuipiga. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa kutoka Durban, Afrika Kusini, na ndege yake inayotua majini. Mwezi Novemba aliiona meli kutoka angani, na Desemba ndege yake ilianguka naye akatekwa. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia na kukifanya kituo chao. Ndege zilizoletwa baadaye zilisumbuliwa na joto na unyevu wa pwani: gundi iliyoshika mbao iliachia, na mapanga ya injini yalipinda. Ni ndege za magurudumu, zilizotumia kiwanja kilichosafishwa Mafia, ndizo zilizofanya kazi iliyokusudiwa. Waingereza walimwajiri pia Pieter Pretorius, mwindaji kutoka Afrika Kusini aliyelijua bonde la Rufiji, ili apeleleze mahali meli ilipo na kupima kina cha njia. Kazi hiyo aliifanya kwa mtumbwi na kwa msaada wa wenyeji. Ramani ambayo Waingereza walikosa mwaka 1914 ilichorwa hatimaye kwa kutegemea watu walioishi humo.

Ndani ya delta hali ilizidi kuwa mbaya. Mabaharia wa Ujerumani waliifunika meli kwa matawi ya miti ili isionekane, lakini malaria na homa nyingine hazikuhitaji kuiona. Sehemu ya mabaharia ilihamishiwa katika jeshi la nchi kavu la Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Kutoka Ujerumani ilitumwa meli ya msaada, Rubens, iliyojificha chini ya bendera ya Denmark na jina la Kronborg, ikiwa na makaa, silaha na risasi. Tarehe 14 Aprili 1915 ilifika karibu na Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikafukuzwa na Hyacinth na kupigwa hadi ikawaka moto. Waingereza waliondoka wakidhani kazi imekwisha. Makaa hayakuifikia Königsberg, lakini sehemu kubwa ya bunduki na risasi iliokolewa kutoka majini na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu. Kwa raia wa kawaida wa koloni, maana yake ilikuwa miaka zaidi ya vita.

Dawa ya kina cha maji ilipatikana katika meli mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, zikakusudiwa kwa vita vya mitoni: bapa, nzito kwa mwendo, zenye mizinga mikubwa, na zinazozama majini chini ya mita mbili. Meli za aina hiyo huitwa monita. Zilikokotwa kutoka Malta hadi Mafia, zikawasili mwanzoni mwa Juni 1915. Ulinzi wa tope na mchanga, ambao kwa miezi minane uliwazuia Waingereza wote, haukuwa na nguvu juu yake.

Asubuhi ya tarehe 6 Julai zilipanda mto kwa mlango wa Kikunja. Pande hizo mbili hazikuonana. Zilipigana kwa umbali wa takribani kilomita 10 zikitenganishwa na msitu. Ndege ilizunguka juu, na mtazamaji aliyekuwamo alituma ishara kwa mtambo wa simu ya upepo kueleza kila kombora limeanguka wapi. Siku hiyo Waingereza walirusha makombora zaidi ya 600, na machache tu yalipata shabaha. Königsberg, iliyokuwa na watazamaji wake waliojificha ukingoni, ililenga vizuri zaidi. Mersey ilipigwa na kupoteza mabaharia kadhaa, na monita zote mbili zikarudi nyuma.

Zilirejea tarehe 11 Julai. Safari hii ilipangwa kwamba meli moja ipige kwa wakati mmoja, ili mtazamaji angani asichanganye makombora ya hii na ya ile. Ni badiliko dogo, lakini ndilo lililomaliza shughuli. Rubani John Cull na mtazamaji wake Harold Arnold walielekeza makombora ya Severn hatua kwa hatua hadi yakaanza kuangukia sitaha ya Königsberg. Ndege yao ilipigwa, injini ikazimika, na wakati inashuka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Walianguka karibu na Mersey na wote wawili wakaokolewa. Moto ulienea katika meli ya Kijerumani. Kapteni Looff, akiwa mwenyewe amejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe kwa kichwa cha topido isije ikatekwa. Mabaharia 19 walikufa na 45 walijeruhiwa. Meli ilikaa chini ya mto ikiwa na sitaha juu ya maji.

Sitaha hiyo iliyobaki juu ndiyo iliyorefusha kisa. Katika majuma yaliyofuata Wajerumani waliishusha mizinga yote 10. Kila mmoja uliwekwa juu ya mkokoteni na kuvutwa kwa kamba na mamia ya Waafrika kupitia matope na vichaka hadi Dar es Salaam, ambako ulitengenezewa magurudumu au kitako kipya. Kutoka hapo ilisambazwa Tanga, Mwanza, Kigoma na kwingineko. Mmoja ulifungwa katika meli Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, meli ambayo Watanzania wanaifahamu leo kwa jina la Liemba. Mingine ilisikika Kahe na Kondoa mwaka 1916. Mabaharia waliobaki walivaa sare za jeshi la nchi kavu, na vita hivyo havikukoma hadi Novemba 1918.

Gharama ya vita hivyo ilibebwa na wapagazi wa pande zote mbili, waliochukuliwa vijijini kwa maelfu kwa maelfu, na wengi walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, mtaa wenye soko maarufu jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ambalo midomo ya Waswahili ililigeuza likawa letu. Waliovuta mizinga ya Königsberg upande wa Wajerumani hawana hata mtaa.

Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus siku ilipozamishwa Zanzibar, alituma wazamiaji Rufiji kung'oa vyuma vya thamani kutoka katika meli iliyomshinda. Wengine walifuata baada yake. Katika miaka ya 1960 gofu lililobaki lililala ubavu, likamezwa na tope la mto. Mizinga kadhaa ilisalimika vita: mmoja upo Pretoria, mbele ya majengo ya serikali ya Afrika Kusini, na mwingine upo Ngome ya Yesu, Mombasa, ambako umewekwa pia mzinga wa Pegasus.

Anayetaka kufika Salale leo hupanga safari yake kama Kapteni Looff alivyopanga ya kwake. Huuliza kwanza maji yatajaa saa ngapi, na jibu hulipata kwa mwenye boti.